Ukali wa ugonjwa wa mapafu hausomwi siku moja

Mgonjwa wa kifua anayeingia kituo cha afya cha serikali hapa Uganda huja na daftari la shule mkononi. Ni lile lile la watoto, lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma, alilolinunua kwenye kibanda kando ya geti kwa sababu bila daftari musawo, yaani mhudumu wa afya, hana pa kuandika. Lifungue daftari la mtu aliyesumbuliwa na kifua kwa miaka kadhaa. Kikohozi, amoksilini siku tano. Kikohozi na kubanwa, salbutamoli ya vidonge. Makohozi yamepimwa, TB hakuna. Ukurasa umechanika. Halafu miezi minane haina hata mstari mmoja, kisha kikohozi tena, amoksilini tena. Humo ndani hakuna palipoandikwa kama mtu huyu anaendelea vibaya kuliko mwaka jana. Kila ziara imeandikwa kana kwamba ugonjwa ulianza asubuhi hiyo.

Ninayemfikiria ni mwenye ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, ule ambao hospitalini huitwa COPD. Tukizungumzia namna ya kupanga ukali wake, iwe kwenye warsha au redioni, mazungumzo huishia kwenye mashine: wilaya haina spirometa, mashine ya kupima pumzi, au inayo lakini imefungiwa kabatini, au aliyefundishwa kuitumia amehamishwa. Malalamiko hayo ni ya haki. Lakini hata spirometa zikishushwa kesho kwenye kila kituo, zitatueleza habari za siku moja, na ukali wa ugonjwa huu umo katika mwendo wake wa miaka. Kumbukumbu inayomfuata mgonjwa ndiyo tunayoikosa zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo ingepaswa kutangulia kwenye bajeti.

Ugonjwa wenyewe tunao, tena kwa wingi. Utafiti uliofanyika Masindi na kuchapishwa mwaka 2015 ulikuta asilimia 16.2 ya watu wenye umri wa zaidi ya miaka 30 wakiwa na COPD, na zaidi ya tisa katika kila kumi kati ya waliopimwa walikuwa wakivuta moshi wa kuni na mkaa. Mwingine, uliochapishwa mwaka 2022, ulipima watu wa miaka 40 na kuendelea katika nchi tatu. Nakaseke, ambayo iliiwakilisha Uganda, ilipata asilimia 7.4, Nepal 18.2 na Peru 2.7. Tofauti ya Masindi na Nakaseke isimshangaze mtu, kwani ni maeneo mawili na rika mbili. Mimi kilichonikaa akilini ni kingine: katika nchi hizo tatu kwa pamoja, asilimia 95 ya waliokutwa na ugonjwa hawakuwa wamewahi kuambiwa kwamba wanao, na karibu mmoja kati ya sita alikuwa tayari ameziba njia za hewa kwa kiwango kikali au kikali sana. Watu wanafika darasa la mwisho la ugonjwa ambao hawajaandikishwa.

Sasa tuangalie madaraja yenyewe. Mpango unaotumika karibu kila mahali ni wa GOLD, jopo la kimataifa lililotoa mwongozo wake wa kwanza mwaka 2001. Mgonjwa huvuta salbutamoli, dawa ya kufungua njia za hewa, husubiri kama robo saa, hubanwa pua kwa kibanio, hujaza kifua hewa kisha hupuliza kwa nguvu zake zote huku mpimaji akimpigia kelele: puliza, puliza, endelea, usiache! Aliyewahi kuliona zoezi hilo anajua kwamba lina jasho. Mama mzima anaona haya kutoa mate mbele ya kijana aliyevaa koti jeupe, mzee anakata pumzi katikati kwa sababu kikohozi kimemshika, na mpimaji anataka mipulizo mitatu safi kabla ya kuamini chochote.

Mashine hutoa namba mbili. Ya kwanza ni hewa inayotoka katika sekunde ya kwanza. Ya pili ni hewa yote iliyotoka hadi mwisho. Ukigawa ya kwanza kwa ya pili unapata uwiano, na ukiwa chini ya 0.70, njia zimeziba. Ndipo daraja hutolewa kwa kulinganisha hewa ya sekunde ya kwanza na ile ambayo mtu mzima wa afya mwenye umri, jinsia na urefu kama wake angeitoa. Akifikisha asilimia 80 au zaidi ni daraja la 1. Kati ya 50 na 79 ni la 2, kati ya 30 na 49 ni la 3, na chini ya 30 ni la 4.

Hapo kwenye kulinganisha ndipo mambo yanapoanza kuyumba. Mashine inataka umri. Wazee wengi wa vijijini wanazo tarehe za kuzaliwa kwenye kitambulisho cha taifa, lakini mwulize mzee mwenyewe atakuambia alizaliwa kabla ya uhuru, au mwaka wa njaa fulani. Ukikosea kwa miaka mitano umesogeza makadirio kwa takribani mililita 125 hadi 150, kwa sababu mtu mzima mwenye afya hupoteza kati ya mililita 25 na 30 za pumzi ya sekunde ya kwanza kila mwaka. Mashine inataka pia kujua mgonjwa ni wa rangi gani. Fomula zilizokubaliwa kimataifa mwaka 2012 zilikuwa na kundi la watu weusi, lililojengwa juu ya vipimo vya Wamarekani weusi, na kundi hilo lilikadiriwa kuwa na pumzi ndogo kuliko wazungu. Chukua hesabu ya mfano. Mgonjwa ametoa lita 1.35. Fomula ya kundi ikisema alitakiwa kutoa lita 2.6, amepata asilimia 52 na yuko daraja la 2. Fomula isiyouliza rangi ikisema lita 2.8, amepata 48 na yuko daraja la 3. Mapafu ni yale yale, pumzi ni ile ile, siku ni ile ile.

Mwaka 2023 chama cha madaktari wa kifua cha Marekani kilipendekeza fomula moja kwa watu wote. Nakubaliana nacho, lakini fikiria mgonjwa aliyepimwa mwaka 2019 kwa fomula ya zamani na akarudi baadaye akapimwa kwa mpya. Kwenye karatasi ameporomoka daraja zima. Kama daftari halikuandika lita, likaandika asilimia peke yake, hakuna daktari atakayeweza kujua kama kilichobadilika ni mapafu au kompyuta. Kwa hiyo andikeni lita. Ni ombi dogo mno, lakini kati ya yote niliyonayo kwa wapimaji, hili ndilo ningeanza nalo.

Asilimia ina ujanja mwingine. Kwa kuwa makadirio hushuka jinsi mtu anavyozeeka, mgonjwa anaweza kupoteza pumzi kila mwaka na asilimia yake ikabaki pale pale, ilimradi pumzi yake inapungua kwa sehemu ile ile kama ya wenzake wenye afya. Daktari atamwambia hajabadilika. Yeye anajua kwamba mlima aliokuwa akiupanda sasa unamshinda. Hapo wote wawili wanasema kweli.

Tukitaka kujua mwendo, je, tupime kila baada ya miezi mitatu? Hesabu inakataa. Utafiti mkubwa wa ECLIPSE, uliofuata wagonjwa wa COPD kwa miaka mitatu na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2011, ulikuta wastani wa kushuka ni mililita 33 kwa mwaka, huku baadhi wakishuka kwa kasi zaidi ya hapo na wengine wakiwa hawashuki kabisa. Lakini kipimo chenyewe, kikifanywa vizuri na mtu aliyefunzwa, kinaruhusu mipulizo miwili bora ya siku moja ipishane kwa mililita 150. Yaani mabadiliko ya mwaka mzima yanaweza kuzama ndani ya tofauti ya mpulizo wa saa tatu na ule wa saa tatu na dakika kumi. Mwaka mmoja wa spirometa hausemi kitu kuhusu mgonjwa mmoja mmoja. Miaka mitatu au minne inaanza kusema, kama bado unayo karatasi ya kwanza. Na mtu ambaye uwiano wake uko jirani na 0.70 anaweza kuonekana mgonjwa Machi na mzima Agosti. Ndiyo maana mwongozo wenyewe unataka kipimo kirudiwe siku nyingine kama uwiano umeangukia kati ya 0.60 na 0.80.

Yapo mapendekezo ya kurahisisha. Mwaka 2023 kundi la watafiti lilikuja na mpango uitwao STAR, ambao unapanga ukali kwa uwiano peke yake: 0.60 hadi chini ya 0.70 ni hatua ya kwanza, na kila ukishuka kwa 0.10 unaingia hatua nyingine, hadi chini ya 0.40 ambayo ni ya nne. Haumwulizi mzee alizaliwa lini wala rangi yake. Kwa mazingira yetu naupenda, ila nina wasiwasi mmoja mzito. Watu wetu wengi walioharibika mapafu waliharibiwa na kifua kikuu. TB iliyopona huacha makovu, na mapafu yenye makovu mara nyingi husinyaa yote kwa pamoja: hewa ya sekunde ya kwanza inapungua, hewa yote inapungua, uwiano unabaki mzuri. Mtu huyo anahema akivaa viatu, lakini kwa STAR hana hatua, na kwa GOLD hana COPD. Yuko nje ya jedwali. Uganda, ambayo shirika la afya duniani linaihesabu kati ya nchi zenye mzigo mkubwa wa TB na virusi vya ukimwi kwa pamoja, haiwezi kukopa jedwali lisilo na nafasi ya watu hawa na kutulia.

GOLD wenyewe waligundua zamani kwamba pumzi ya mashine haitoshi. Mwaka 2011 waliongeza dalili na idadi ya kuzidiwa, yaani mara ambazo kifua hubana kuliko kawaida, wakapata makundi manne ya A, B, C na D. Mwaka 2017 waliyatenganisha makundi hayo na madaraja ya spirometa. Mwaka 2023 waliunganisha C na D kuwa E. Kwa mpango huo wa 2023, anayehema kidogo na hazidiwi mara nyingi alikuwa A, anayehema sana alikuwa B, na aliyezidiwa mara mbili au zaidi ndani ya miezi kumi na miwili, au mara moja hadi akalazwa, alikuwa E, ahemaye sana na ahemaye kidogo sawa.

Kwa London mpango huu una mantiki. Uulete Kalangala. Mvuvi wa visiwani amebanwa usiku, ziwa limechafuka, boti haipo. Asubuhi anakwenda duka la dawa, anapewa prednisoloni kwenye kikaratasi kilichokunjwa na vidonge vya antibayotiki, analala siku nne, anapata nafuu. Hakuna aliyeandika. Hilo limempata mara tatu mwaka huu. Anapofika kwa daktari na kuulizwa umelazwa mara ngapi, anajibu kwa haki kabisa: sijalazwa. Karani wa Kololo, mtaa wa Kampala, mwenye bima, aliyelala hospitali binafsi usiku mmoja kwa tahadhari, ni E. Mvuvi ni B, au hata A. Kigezo cha kulazwa, kwetu, kinapima pia nauli, umbali, na kama kuna mtu wa kubaki na watoto.

Na tazama upande wa wakati. Kundi E lina kumbukumbu ya miezi kumi na miwili. Mgonjwa aliyepoteza daftari, au aliyehama kutoka Mbale kwenda Kampala kumfuata mwanawe, anaanza upya bila historia, na asiye na historia kwa mpango huu anaonekana nafuu. Kukosa kumbukumbu hakutupi mgonjwa asiyejulikana hali yake. Kunatupa mgonjwa anayeonekana mzima kiasi. Kosa linaelekea upande mmoja, na daima ni upande wa kumnyima.

Dawa ndizo zilizosababisha makundi yatungwe. Anayepangwa B au E alitakiwa kupata dawa mbili za kuvuta zinazofanya kazi muda mrefu, na baadhi ya walio E huongezewa steroidi ya kuvuta kama chembe nyeupe za damu aina ya eosinofili zimefika 300 kwa kila mikrolita. Kwetu dawa hizo za kuvuta hazipatikani kirahisi, na zikipatikana mfuko unalia. Halafu minyoo na kichocho hupandisha eosinofili. Mtu wa ufukwe wa Ziwa Albert mwenye 300 anaweza kuwa anatuambia habari za tumbo na maji ya ziwa, mapafu hayahusiki.

Kuna wanaosema: kama dawa ni salbutamoli ile ile kwa wote, ya nini kuhangaika na madaraja? Hoja hii nimeisikia kwa wauguzi wanaofanya kazi ya watu watatu, nami siidharau. Jibu langu ni kwamba daraja linaamua zaidi ya dawa. Linaamua nani apelekwe hospitali ya rufaa kabla hajaishiwa nguvu za kusafiri, nani apimwe oksijeni, nani aingizwe kwenye mazoezi ya kurejesha nguvu za mapafu, ambayo yamejaribiwa katika hospitali ya Mulago kwa watu waliopona TB na hayahitaji dawa yoyote. Linaamua hata nani aambiwe kwa uwazi kwamba jiko lihamie nje mwaka huu.

Basi tuandike nini? Mwulize mgonjwa kuhusu kuhema, lakini mwulize kwa maisha yake. Kipimo kinachotumika duniani kina ngazi tano, 0 hadi 4: kutoka kwa anayehema akifanya kazi nzito tu, hadi anayesimama kuvuta pumzi baada ya mita 100, hadi asiyeweza kutoka nyumbani. Tatizo ni kwamba watu hujipunguzia maisha wasihisi. Mama wa Kisoro ukimwuliza kama anahema akipanda mlima atasema hapana, kwa sababu hapandi tena. Maji analetewa na wajukuu. Mwulize: bado unachota maji mwenyewe? Dumu la lita ishirini au lile dogo? Uliacha lini? Tarehe hatakupa, lakini atakuambia ni kabla ya palizi ya mahindi au baada ya mavuno, na misimu yetu miwili ya mvua inatosha kuwa kalenda. Jibu hilo likiandikwa leo, na jibu la msimu ujao likaandikwa chini yake, tayari una mwendo wa ugonjwa ambao spirometa ingehitaji miaka mitatu kuuonyesha.

Hesabu ya kuzidiwa nayo ibadilishwe swali. Badala ya kuuliza kulazwa, tuulize: tangu msimu uliopita, ni mara ngapi kifua kilikubana kuliko kawaida yako hadi ukanunua dawa au ukashindwa kwenda shamba? Duka la dawa lihesabiwe, na kifuko cha dawa kibandikwe kwenye daftari.

Kisha uzito, kwa mizani ile ile. Faharasa ya BODE ya mwaka 2004, inayojumlisha uzito kwa urefu, kuziba kwa njia, kuhema na umbali wa kutembea kwa dakika sita hadi kupata alama 10, ilitabiri vifo vizuri kuliko spirometa peke yake. Sehemu tatu kati ya nne za faharasa hiyo hazihitaji umeme. Kutembea kunataka veranda iliyonyooka ya mita 30, saa, na muuguzi mwenye dakika kumi. Dakika kumi ndizo ngumu kupata. Anayeshindwa mita 350 ameanza kuhesabiwa alama, anayeshindwa 150 amepata zote tatu za sehemu hiyo. Nina shaka na uzito peke yake kwetu, maana wembamba wa mwenye virusi au wa mwaka wa ukame utahesabiwa kuwa wa mapafu, lakini uzito unaoshuka ziara baada ya ziara una maana, chanzo chochote kile.

Na yote haya yaandikwe mgonjwa akiwa ametulia. Wengi wetu tunakwenda kituoni tukiwa tumebanwa tu, kwa hiyo daftari zima linaeleza siku mbaya. Anayepimwa siku hiyo atapewa daraja asilostahili. Arudi baada ya mwezi, kisha baada ya miezi mitatu, ndipo aandikiwe hali yake ya kawaida. Najua nauli ya kurudi ukiwa mzima ni vigumu kuihalalisha nyumbani. Hapa ndipo timu za afya za kijiji zingefaa, kwa swali la dumu la maji na la duka la dawa. Hayo hayahitaji mtu wa koti jeupe.

Mfano wa kufuata tunao humu humu nchini. Kliniki za TB na za virusi vya ukimwi zina kadi, zina rejista, na mgonjwa asiporudi kuna anayemtafuta. COPD haina hata ukurasa wake kwenye rejista nyingi. Pa kuanzia, kwa mtazamo wangu, ni siku mgonjwa wa TB anapomaliza dozi ya miezi sita. Leo siku hiyo anapongezwa, jina linafungwa, anarudi kwao. Siku hiyo hiyo apewe kadi ya mapafu yenye lita zake kama mashine ipo, ngazi ya kuhema, mita za dakika sita, kilo, na nafasi ya kuhesabu kuzidiwa. Kituo ambacho hakitapata spirometa mwaka huu kiiache mistari ya lita wazi na kijaze iliyobaki.